Neno la Juma: Askari aliyepoteza mguu na bei ya mgeni ziwani



Juma hili tunajibu swali lililoletwa mkutanoni na mama mmoja wa kikundi chetu cha Beni. Yeye ni Munande wa hapa. Mume wake ni mtu wa mbali, mzaliwa wa upande wa Mbandaka, aliyeletwa kwetu na jeshi wakati wa operesheni Sokola 1. Bomu la kutegwa porini lilimuumiza, na hospitalini wakamkata mguu wa kushoto. Wenzake walihamishwa kwenda sehemu nyingine, yeye akabaki Beni na bibi na watoto watatu. Anatembea kwa magongo.

Mtu huyu alikulia mtoni. Kabla ya kushika bunduki alishika nyavu, na hata leo anaweza kukaa uani akashona wavu uliopasuka mpaka usione mahali ulipopasukia. Basi akaona kwamba kazi ambayo mikono inafanya kuliko miguu ni ile ya mtumbwi. Akapanda gari mpaka kwenye ufuo mmoja ambao hatutautaja, akauliza ruhusa ya kuvua inagharimu kiasi gani. Mtu aliyemkuta pale alisikia Lingala yake, akamwangalia, akamtajia bei. Jirani aliyekuwa pembeni akamnong'oneza: hiyo ni bei ya mgeni, wenyeji hawalipi hivyo. Baba akajibu kwamba mguu wake umebaki katika ardhi ya wenyeji hao. Wakacheka, naye akarudi nyumbani.

Mama alituuliza hivi: «Mtu aliyepata kilema akitulinda, hawezi kupunguziwa bei ya ruhusa ya kuvua kwa sababu alizaliwa jimbo lingine? Na kama ziwa limeshindikana, aende kuwinda?»

Maswali ni mawili. Tuanze na lile la pili, kwa sababu jibu lake ni fupi na ni la kuokoa maisha.

Kuhusu kuwinda

Kongo ina sheria ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Sheria hiyo inajua ruhusa za aina mbalimbali: ya mtu anayewinda kwa mchezo, ya mtalii, ya mwanakijiji, hata ile ya kikundi. Kwa hiyo si kweli kwamba kuwinda kumekatazwa kila mahali. Lakini ndani ya hifadhi ya Virunga hakuna ruhusa ya kuwinda inayouzwa, kwa bei kubwa wala ndogo, kwa mwenyeji wala mgeni, kwa mzima wala mlemavu. Hifadhi hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, na sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa viumbe imeongeza ukali. Anayekuuzia karatasi ya kuwinda nyama ndani ya hifadhi anakuuzia njia ya kwenda gerezani.

Zaidi ya sheria, tufikirie pori lenyewe. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wa Beni, wa Oicha, wa Eringeti, wa Mbau, na wengi wao waliuawa wakiwa shambani au wakirudi kutoka shambani. Mwanaume anayeonekana porini na bunduki, hata gobori, anaweza kupigwa risasi na kila upande. Akiwa askari wa zamani asiye na kikosi, atajieleza kwa nani? Mama, mwambie mume wako tunamwomba asijaribu. Watoto watatu wanahitaji baba kuliko nyama.

Kuhusu kuvua

Hapa jibu ni refu, na inafaa tuelewe kwanza ziwa linavyofanya kazi. Wengi wetu tunamjua samaki anapofika soko la Butembo tu, akiwa mkavu, mwenye chumvi, amefungwa katika kikapu.

Ziwa Edouard lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Sehemu kubwa iko kwetu Kongo, na sehemu ndogo iko Uganda. Upande wetu ziwa liko ndani ya hifadhi. Ndiyo sababu si kila ufuo unaruhusiwa kuwa na wavuvi. Vijiji vya wavuvi vinavyotambuliwa tangu zamani ni vitatu: Vitshumbi na Nyakakoma upande wa kusini, na Kyavinyonge kaskazini, si mbali na Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani. Sisi wa Butembo na Beni tunaijua zaidi Kyavinyonge, maana samaki wake hupanda milima kuja kwetu, na vita ya Rutshuru imefanya njia ya kusini kuwa ngumu.

Katika vijiji hivyo kuna idadi ya mitumbwi inayokubaliwa. Mtumbwi unaandikwa, unapewa namba, na mwenye mtumbwi analipa. Ushirika wa wavuvi, ambao wazee wanaujua kwa jina la COPEVI, una mkono katika jambo hilo, pamoja na ICCN inayosimamia hifadhi, na wakubwa wa serkali. Kuna sehemu za ziwa ambako samaki huzaa, na huko hakuvuliwi. Kuna nyavu zinazokatazwa kwa sababu matundu yake ni madogo na zinachukua hata watoto wa samaki. Chandarua cha mbu pia si wavu, hata kama tunaona watu wanakitumia hivyo.

Kwa nini ukali huu wote? Kwa sababu ziwa limechoka. Wazee wanakumbuka viboko wakijaa ufuoni. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000 katika hifadhi. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, sababu ya vita na bunduki. Kinyesi cha kiboko ni chakula cha vitu vidogo majini, na vitu hivyo ni chakula cha samaki. Viboko walipouawa, ziwa lilipoteza mbolea yake. Wakati huohuo watu waliokimbia vita walizidi ufuoni, na mitumbwi isiyo na namba ikaongezeka. Mama anayeuza tilapia sokoni anajua mwisho wa habari: samaki ni mdogo kuliko zamani, na bei ni kubwa kuliko zamani.

Kwa hiyo, mtu anapoomba punguzo la bei, wavuvi wa pale wanasikia jambo lingine. Wanasikia: mtumbwi mwingine tena. Tusiwahukumu haraka. Wao pia wana watoto, na wao pia wamezika.

Je, mtu wa Mbandaka ni mgeni?

Tumefungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi hii haki ya kutembea ndani yake na kukaa anapotaka. Mkongomani hawezi kuwa mgeni katika Kivu ya Kaskazini kama vile Munande hawezi kuwa mgeni Kisangani, na tunajua ni ndugu zetu wangapi wanaofanya biashara huko. Kama leo tunacheka Lingala ya mtu huyu, kesho wasicheke Kinande cha watoto wetu.

Kifungu cha 49 cha Katiba hiyohiyo kinasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao. Tena kuna sheria nzima juu yao, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Kwa hiyo ombi la mama huyu si ombi la sadaka. Lina mahali pa kusimamia.

Lakini tuseme ukweli. Katika vitabu hivi hatukukuta mahali palipoandikwa kwamba askari mlemavu alipe nusu ya bei ziwani. Kuna msingi wa nyumba, ila nyumba bado haijajengwa. Inabidi iombwe, iandikwe, itiwe muhuri. Msikubali mtu awaambie kwamba iko tayari, halafu awaombe pesa ya kuifuatilia.

Wengine wanafanyaje?

Wapo kati yetu wenye watoto na ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Huko kila jimbo linauza ruhusa yake ya kuvua na kuwinda. Mtu wa jimbo hilo analipa kidogo. Mtu anayetoka jimbo lingine analipa zaidi, mara nyingi maradufu au kuzidi. Sababu yao inaeleweka: mwenyeji analipa kodi mwaka mzima, na mgeni anakuja kuvua siku mbili na kwenda. Lakini majimbo mengi yanampunguzia au kumsamehe bei askari wa zamani aliyepata ulemavu jeshini. Mengi yanafanya hivyo kwa wakaaji wao tu. Mengine yamefungua mlango hata kwa askari mlemavu anayetoka jimbo lingine. Wanasema vita aliyopigana haikuwa ya jimbo moja.

Jambo la kujifunza hapo si utajiri wa Marekani. Ni mambo mawili tu. Kwanza, bei zimeandikwa, ya mwenyeji na ya mgeni, na kila mtu anazisoma kabla ya kutoa pesa. Pili, askari haonyeshi kisiki cha mguu wake ili ahurumiwe. Anaonyesha barua ya ofisi ya askari wa zamani inayosema ulemavu wake ni wa kiasi gani. Karatasi inamsemea.

Na sisi Kongo tuna fundisho letu wenyewe, tena la onyo. Kule Kinshasa, kwenye Beach Ngobila ambako meli huvuka kwenda Brazzaville, watu wenye ulemavu walipewa kwa miaka mingi nafuu ya nauli na ya ushuru. Wengi walitoka katika kuomba barabarani wakawa wafanyabiashara, wakalisha jamaa zao. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini wafanyabiashara wazima wakaona mlango. Wakaweka mizigo yao kwenye baiskeli za walemavu, wakajiita wasukumaji na wasaidizi wao. Mlemavu akawa na jina, na mzima akabaki na faida. Baadaye wakubwa wakakaza, na aliyeumia kwanza ni mlemavu.

Tusipoangalia, hilo litatokea ziwani. Tajiri mwenye mitumbwi minne atatafuta askari mwenye gongo, aandikishe mtumbwi wa tano kwa jina lake kwa bei nafuu, ampe samaki wawili kila jioni.

Tulivyobishana

Mkutanoni hatukuwa na sauti moja. Mama mmoja alisimama akasema: «Mume wangu hakuvaa unifomu hata siku moja. Walimkata mkono shambani kwake. Kwa nini askari apunguziwe, na yeye asipunguziwe?» Kimya kikaingia, maana kila mmoja alijua jibu ni gumu. Mwingine akasema kwamba kuna maaskari waliotulinda na kuna waliotunyang'anya mbuzi, na kwamba gongo halituambii huyu alikuwa yupi. Bibi wa askari alikuwa palepale akisikia. Alijibu kwa upole kwamba yeye hajaja kutetea jeshi, amekuja kutetea jiko lake.

Baada ya saa nzima tulifikia maneno haya, na tunayaleta kwenu myapime.

Moja: punguzo liwe la mtu aliyepata ulemavu sababu ya vita, awe askari au raia, mradi ulemavu umeandikwa na daktari. Jimbo alilozaliwa lisiulizwe. Inatosha aonyeshe kwamba anakaa hapa na jamaa yake.

Mbili: ipunguzwe bei, isiongezwe idadi ya mitumbwi. Mtumbwi wake uingie katika hesabu ileile, namba moja inapoachwa wazi. Hivyo ziwa halitaumia, na wavuvi hawatakuwa na sababu ya kumchukia.

Tatu: ruhusa iwe na jina na picha, isiuzwe wala kukodishwa. Mtu wa mguu mmoja anahitaji mwenzake wa kushika kasia, hilo linaeleweka. Jina la mwenzake liandikwe pia.

Nne: sheria za ziwa zibaki zilezile kwake. Nyavu halali, sehemu halali, saa halali. Kilema si ruhusa ya kuvua watoto wa samaki.

Tano: bei zote zibandikwe ukutani mahali pa kulipia, na kila anayelipa apewe risiti. Bila hiyo, punguzo ni neno la mdomo tu. Anayeweza kukupunguzia kwa mdomo leo atakuongezea kwa mdomo kesho.

Kitu cha kufanya sasa

Mama mwenye mume, mtoto au ndugu wa namna hii, usingoje mpaka sheria ikamilike. Anza na makaratasi. Tafuta karatasi ya hospitali iliyomkata au kumtibu, yenye tarehe na muhuri. Kama alikuwa askari, tafuta kadi yake na kila karatasi ya jeshi inayotaja kikosi na siku aliyoumia. Nenda kwa shefu wa kartiye akuandikie cheti cha makao. Piga fotokopi mbilimbili, na moja uiache kwa mama mwingine unayemwamini, maana tumekimbia mara nyingi na tunajua vile nyumba inavyoachwa. Karatasi za asili usimwachie mtu yeyote, hata akiwa amevaa koti zuri.

Haki zake za mshahara au za pensheni ni njia nyingine, na ziendelee kufuatiliwa jeshini. Asikubali kuambiwa achague kati ya hizo na ziwa.

Tena, kabla ya kutoa pesa ufuoni, muulize kwanza mvuvi wa zamani mahali mpaka wa Uganda unapopita. Majini hakuna ukuta. Wavuvi wetu wengi wamekamatwa kwa kuvuka bila kujua au kwa kufuata samaki, na mnamo Julai 2018 risasi zilipigwa ziwani kati ya majeshi ya nchi mbili na watu wakafa. Mtu aliyewahi kuwa askari, akikamatwa upande ule, kesi yake itakuwa nzito kuliko ya mvuvi wa kawaida.

Kwa upande wetu, tumeandika barua yenye yale mambo matano. Itapelekwa kwa ushirika wa wavuvi, kwa ICCN, na kwa wakubwa wa serkali, kila mmoja na nakala yake, na tutaomba watuwekee muhuri wa kupokea. Kabla ya kuipeleka tunataka majina ya vikundi vyetu yawe chini yake. Kila kikundi, siku ya avek, kijadili maswali haya mawili: je, tunakubali raia na askari wawe sawa katika jambo hili? Na je, tunajua katika kartiye yetu watu wangapi wenye ulemavu wa vita ambao wanajua kazi ya kuvua? Leteni hesabu tu. Majina yabaki kwenu.

Mama aliyeuliza swali ametuambia tuwapashe habari kwamba mume wake hajakaa bure. Wavuvi wawili wa Kyavinyonge wamesikia habari ya mikono yake na wanamtumia nyavu zilizochanika kwa gari la samaki. Anazishona uani, gongo limeegemea ukuta, mtoto wa pili anampitishia uzi. Malipo ni kidogo, lakini juma lililopita walinunua daftari. Amesema ataendelea kushona nyavu za wengine mpaka siku atakayoshona wa kwake.

Tunaomba siku hiyo isichelewe. Wasalimieni nyumbani, na msisahau kuleta majibu yenu kwenye mkutano ujao.